Mguu wa Kushoto wa Mbugua

Makongeni, Thika
Jumapili jioni

Nyambura, mami yangu,

Mama yako yuko jikoni anakupikia chapati za njiani, na wewe umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nina kama saa mbili kabla hujarudi. Mambo ya blanketi, dawa ya tumbo na nani wa kupigiwa simu ukifika Kisumu, hayo mama yako ameyasema mpaka umeyachoka. Mimi nina jambo moja tu, na wala si ushauri. Ni kitu nilichofanya.

Wiki tatu zilizopita uliniachia mezani kurasa mbili za penseli. Nilikuwa nimekupa mswada wa maisha yangu, nikakwambia usinionee huruma, unihakiki kama mtu usiyemjua. Ukafanya hivyo, tena bila adabu. Ukasema sura ya tatu inalala. Ukasema cucu wako, mama yangu, ambaye una jina lake, nimemwandika kama malaika na kila mtu kijijini kwetu Theta anajua alikuwa mkali kama pilipili. Nilicheka peke yangu. Nikajisemea, huyu nimemfunza kazi.

Halafu nikafika mwisho. Uliandika: "Siku ya Ruiru haimo. Baba, mbona unaificha siku uliyokuwa shujaa? Niliona kwa macho yangu ukiinama ukapenya katikati ya watu waliokuwa wakimuua yule mwanaume, ukienda kumtoa. Unyenyekevu wa aina hii pia ni uongo." Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba hiyo ndiyo hadithi uliyowaandikia wachapishaji wa Kisumu walipouliza kwa nini unataka kuhariri vitabu vya maisha ya watu. Kwamba kwenye intavyu walikuuliza hiyo tu, na mama mmoja wa paneli akatoa kitambaa akajifuta macho.

Sasa soma pole pole. Sikuingia kumtoa, Nyambura. Niliingia kumpiga. Niliinama ili nipite chini ya mikono ya watu, nikampiga mateke mawili. La kwanza lilimpata shavuni. La pili lilimpata mdomoni, na nilisikia meno yakivunjika chini ya kiatu changu.

Nimeandika.

Wacha nikwambie kwa nini, na usidhani sababu itanisafisha. Yule mwanaume anaitwa Mbugua. Tulikuwa dawati moja darasa la saba, kule Theta. Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwalimu Kihara, yule yule mzee uliyemwona siku ile amevaa suti ya kahawia na ua kifuani. Shuleni kwake mtoto wa kosa kubwa hakupigwa amesimama. Alilazwa juu ya dawati mbele ya paredi ya shule nzima, wavulana wanne wakamshika, mmoja kila mkono na mmoja kila mguu, na Mwalimu akampiga kwa fimbo ya mti wa kahawa iliyolowekwa ndani ya maji. Damu ilikuwa inatoka kupitia kaptura. Watoto wadogo wa darasa la kwanza walikuwa wanajikojolea wakitazama tu.

Nimesoma tawasifu za walimu wastaafu mpaka nimepoteza hesabu, na kuna kitu sijaona hata mmoja akikisema: sisi tulikuwa tunagombania kushika. Anayeshika leo hapigwi leo. Mwalimu akiuliza, "Nani ana nguvu hapa?" mikono inaruka juu, na wangu ulikuwa wa kwanza.

Mbugua aliiba mahindi ya stoo ya shule. Aliiba kweli, sikatai. Mama yake alikuwa mgonjwa na kwao hakukuwa na kitu. Mimi nilipewa mguu wa kushoto. Mwalimu alipiga, alipiga, na katikati ya kupigwa Mbugua akaruka kama samaki, mguu ukanitoroka mikononi ukampata Mwalimu tumboni. Mwalimu hakumwangalia Mbugua. Aliniangalia mimi.

"Wewe, unashika ama unabembeleza? Ama nikulaze hapo baada yake?"

Nikaukamata ule mguu. Nikaukunja upande ambao haukunjiki, nikaulalia na uzito wangu wote. Kitu kikalia ndani ya goti, kah! Mbugua akapiga nduru ambayo mpaka leo nikisikia ng'ombe akichinjwa nageuka nyuma. Sikuachilia. Mwalimu akaendelea mpaka fimbo ikakatika, akaitisha ingine, na mimi bado nimelalia.

Hakurudi shule. Siku moja nilimwona barabarani akitembelea fimbo, mtoto wa miaka kumi na minne. Nikavuka upande ule mwingine.

Mwalimu Kihara alinipenda tangu siku hiyo. Aliniita ofisini, akanipa kitabu, cha kwanza maishani kuwa changu. Kilikuwa kitabu cha maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyetoka kwenye umaskini. Nilikisoma mpaka jalada likaanguka. Hapo ndipo nilipoanzia, mami. Kazi yangu ya kusahihisha prufu za vitabu kabla havijachapwa pale press, uhakiki ninaouandika katika jarida letu dogo, rafu hizi zote ulizolelewa katikati yake, mwanzo wake ni kile kitabu. Na kile kitabu kilikuwa malipo ya goti la mtu. Kwenye mswada wangu, sura ya pili, nimekiita "zawadi ya mwalimu wangu mpendwa". Hukuweka alama yoyote pale. Ungejuaje?

Basi miaka mingi baadaye Mwalimu akaandika maisha yake. Akaita kitabu Nilivyowanyoosha. Akanitaka niwe mhakiki siku ya uzinduzi, pale ukumbi wa kanisa Ruiru. Unazijua sherehe zetu hizo. Maombi, kwaya, nyama, nakala ya kwanza inanadiwa kwa kelele, na mhakiki anasimama kusema kitabu ni kizuri. Hakuna mtu humwalika mhakiki aseme kingine.

Nilikisoma nyumbani siku mbili kabla. Sura ya tisa ilikuwa ya Mbugua, kwa jina lake kabisa. Mahindi, dawati, fimbo. "Wavulana wanne wenye nguvu walinisaidia," ameandika Mwalimu, na majina hayapo. Halafu anasema Mbugua aliondoka pale akichechemea kama jogoo aliyefungwa kamba mguuni, na tangu siku hiyo hakuna punje ya mahindi iliyopotea. Na unajua nilifanya nini, mimi msomaji hodari? Nilitafuta jina langu. Nilipoona halimo, nilishusha pumzi. Kisha nikachukua kalamu nikaandika kando: "Sura bora. Inachekesha."

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umevaa ile nguo ya kijani, umewekwa kwenye meza ya kuuza vitabu. Nilisimama mbele nikasoma sura ya tisa kwa sauti. Nikaigiza sauti ya Mwalimu. Nilipofika kwa jogoo, nikatembea hatua mbili nikichechemea ili watu waone. Ndiyo. Nilifanya hivyo pia. Ukumbi mzima ulicheka, hata mchungaji alijifuta machozi, na wewe ulicheka kwa sababu baba yako alikuwa anachekesha.

Mbugua alikuwa ndani. Alikuwa amekuja na watu wa kukodisha viti. Alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na viti vilivyobaki, na mimi sikumwona mpaka alipoanza kutembea kuja mbele. Watu walidhani anakuja kurekebisha maiki. Mimi niliona mguu. Alikuwa anatembea vile nilivyokuwa nimetembea sasa hivi, lakini yeye hakuwa anaigiza.

Alininyang'anya kitabu mkononi. Akamgeukia Mwalimu, akampiga nacho usoni, pah! miwani ikaruka, akampiga tena pua ikafunguka damu juu ya suti na lile ua. Mzee wa miaka sabini na kitu akaanguka na kiti chake. Wanawake wakaanza kupiga nduru. Mbugua akashika maiki, na sauti yake haikuwa hata ya kelele.

"Mguu mnaouchekea ni huu hapa. Na aliyeuvunja si Mwalimu. Aliyeuvunja ni—"

Hapo wajukuu wa Mwalimu walimrukia. Wakamwangusha, wakamshukia kwa ngumi, kwa viti, kwa ile stendi ya chuma ya maiki. Mwanaume mmoja alikuwa anamkanyaga kichwa huku ameshikilia soda yake isimwagike. Na katikati ya hayo yote Mbugua alikuwa bado anasema! Hakuwa anaomba wamwachilie. Alikuwa anasema, "Muulizeni huyo anayesoma. Muulizeni huyo." Mdomo umejaa damu na bado anasema.

Mami, yeye ndiye mtu wa pekee duniani aliyekuwa anasema ukweli juu yangu, na wewe ulikuwa umesimama pale mezani unasikiliza. Niliingia nikampiga mdomoni ili anyamaze. Akanyamaza.

Nilipotoka nilikuwa na damu kwenye mikono ya shati. Ulinikimbilia ukanishika kiunoni, unalia, ukaniuliza, "Baba, umemtoa?"

Nikasema, "Nilijaribu."

Neno moja. Ulinikumbatia kwa sababu ya hilo neno. Ulilala kwenye mapaja yangu njia yote mpaka nyumbani. Wiki iliyofuata nikaandika uhakiki katika jarida, nikakisifu kitabu, na nikamalizia kwamba hafla iliharibiwa kidogo na mlevi mmoja. Mbugua hajawahi kunywa pombe.

Mama yako husema mimi ni baba mpole. Anasema sijawahi kukuinulia mkono hata ulipoharibu redio. Jana nimemweleza kwa nini. Unakumbuka akihadithia jinsi nilivyokimbia kliniki ulipokuwa mtoto mchanga? Nesi alikuwa na sindano ya chanjo, akaniambia, "Baba, mshike miguu." Miguu midogo hivi. Nikakurudisha kwa mama yako, nikatoka nje nikatapika kwenye maua. Amenicheka kwa jambo hilo maisha yetu yote, eti mwanaume mzima anaogopa sindano. Jana nilipomaliza kumwambia aliinuka akaingia jikoni. Tangu hapo anaimba nyimbo za kanisa, na mama yako akiimba bila kukuangalia ujue amekasirika mpaka mifupani.

Kuanzia wiki hii utakuwa unaletewa maisha ya watu kwenye karatasi. Wazee wa heshima, wachungaji, wafanyabiashara, mama waliolea watoto kumi. Utawapenda, kwa sababu una moyo huo. Wapende. Lakini mahali ambapo watu wanacheka sana kwenye kitabu, rudi usome tena, uangalie nani yuko chini. Na uangalie nani hana jina. Mimi nilijua kusahihisha kila herufi kwenye ukurasa ule, nikaacha mambo mengine yote yapite. Nilijiambia kazi ya mhakiki ni lugha na mpangilio. Upuzi mtupu. Nilikuwa najificha, na nilijificha vizuri, kwa sababu watu huwa hawamshuku mtu aliyeshika kitabu.

Uliponiandikia kwamba siku ya Ruiru haimo, nilijaribu kuiandika. Kwanza niliiandika vile ulivyoiona wewe. Ndiyo, nilikaa hapa hapa nikaandika kurasa tatu za jinsi nilivyomwokoa Mbugua, na zilikuwa nzuri! Ndizo kurasa nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nilizisoma mara mbili kabla sijaona aibu. Nikazichoma kwenye jiko. Halafu nikaandika ukweli, nikaukunja mfukoni, na Jumatano mchana nikaenda mtaani Kiandutu, hapa hapa Thika, kumtafuta mwenyewe.

Anatengeneza majiko ya makaa. Amekaa chini ya mabati mawili, vipande vya madebe vimemzunguka, na mbele yake kipande cha reli anachopigia nyundo. Meno ya mbele hayapo. Sikulazimika kujitambulisha.

"Umekuja kununua jiko?" aliniuliza.

"Mbugua, unanikumbuka?"

"Nikusahau aje? Si mimi hutembea na wewe kila siku." Akaligonga goti lake kwa mpini wa nyundo.

Nikatoa zile karatasi. Nikamwambia nimeandika yote, na jina langu limo, na nataka ayasome kwanza kabla hayajaenda popote. Hata hakuzipokea.

"Mlinisoma mara moja. Watu wakacheka. Mimi sitaki kusomwa tena, sikia? Mimi si sura ya mtu."

"Safari hii hakuna wa kucheka."

"Na watafanya nini? Watalia? Wakununulie chai kwa sababu umesema ukweli?" Akaweka nyundo chini, akanyoosha mkono. "Lete mguu."

Sikuelewa. Akanishika kifundo cha mguu wa kushoto, na haki ya Mungu ule mkono ni chuma, akanivuta mpaka nikaanguka matako kwenye vumbi. Akaweka goti langu juu ya ile reli. Akachukua nyundo, ile kubwa, akaiinua. Watu wa vibanda vya jirani waliacha kazi wakatazama.

"Jaribu kuutoa," akasema.

Nilijaribu. Nilirusha mguu, nilimsukuma kifuani, nilikwaruza udongo kwa kucha. Nilimwita kwa jina la baba yake. Nililia, Nyambura, mbele ya watu, mwanaume wa miaka hamsini na tano, nikasema tafadhali, tafadhali, na nyundo iko juu pale na macho yake hayapepesi. Sijui ilikuwa muda gani. Halafu akaishusha kando, taratibu, akaniachilia.

"Sasa unajua," akasema. "Na wewe hujavunjwa."

Nilikaa pale chini. Aliwasha sigara, akavuta, akanipa nami nivute, mimi nisiyevuta. Halafu akaniuliza kuhusu wewe.

"Ule msichana wako wa nguo ya kijani alienda wapi?"

Nikamuuliza anakujuaje. Akacheka kidogo. Akasema walipomtupa nje ya geti, karibu na mtaro, mtoto wa nguo ya kijani alikuja na kikombe cha maji, akamshikia kichwa anywe. Mimi sikujua. Miaka yote hii hujawahi kuniambia kwamba ulitoroka kwenye ile meza ukaenda. Na akasema kwamba ulimwambia, "Usijali, baba yangu alijaribu kukutoa."

"Nilikuwa naweza kumwambia," Mbugua akasema. "Mdomo ulikuwa umevimba lakini neno moja lingetoka. Nikamwangalia vile alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Nikameza maji. Kwa hivyo ni mimi nimekufichia, si wewe umejificha. Na usifikirie ilikuwa kwa ajili yako."

Nikamuuliza anataka nini. Nilikuwa tayari kwa chochote, nakwambia, hata ile nyundo.

"Hizo karatasi chana," akasema. "Hakuna kitabu. Mwambie huyo msichana. Mwambie yeye peke yake, yote, na sauti ya kuvunjika meno na kila kitu. Halafu urudi hapa."

Karatasi nilizichana pale pale, akazitumia kuwashia makaa. Alisema wewe peke yako; kwa mama yako nilishindwa kuficha, na hilo pia nitamwambia. Mswada wangu nimeuondoa pale press, hautachapishwa. Hii barua si kitabu. Ipo kwa sababu aliagiza, na kwa sababu kesho unaondoka ukiwa umejenga kazi yako juu ya mwanaume ambaye hakuwepo. Wakikuuliza Kisumu, sema ulichoona ndicho ulichoandika. Hukudanganya. Ni mimi niliyekudanganya, nikakuacha unipende kwa ajili ya uongo miaka kumi, na nilifurahia kila siku yake. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi, kwamba nilifurahia. Ulipokuwa ukinitazama vile mezani, nilikuwa nakubali.

Mimi nakupenda sana. Naogopa pia. Nimeogopa watu wachache maishani, Mwalimu, Mbugua siku ya Jumatano, na sasa wewe.

Sitaitia barua hii kwenye begi lako uipate ukiwa umefika Nakuru, umezungukwa na watu usiowajua. Ukiingia kwa huu mlango nitakupa mkononi, na nitakaa hapa kwenye kiti usome nikiwepo. Ukitaka kunitukana, nitukane. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi yako leo, mizigo nitaibeba mpaka kwake na nirudi.

Gari lako linatoka saa mbili asubuhi. Likishaondoka, na mimi nitashika njia ya Kiandutu kwa miguu. Mbugua ataacha kugonga aniulize kama nimekwambia. Nitasema ndiyo, nimemwambia yote.

Halafu ataniuliza wewe ulisema nini.

Babako